Kazi ya mtelezaji wa mbio za barafu: mwongozo kamili, kuanzia viatu vya kwanza hadi siku ya kuvitundika

Mtelezaji wa mbio hashindani akiwa amesimama. Hushindana akiwa ameketi, ila kiti hakipo: magoti yamekunjwa karibu nyuzi 90 hadi 110, kifua kimelala juu ya mapaja, macho yanatazama mbele. Wa mita 500 huvumilia mkao huo kwa kadiri ya nusu dakika. Wa mita 10,000 huuvumilia kwa zaidi ya dakika 12. Anayeanza huuliza siku ya kwanza atafundishwa lini kwenda kasi, na kocha mwema humjibu kwamba kwanza atafundishwa kukaa. Bingwa wa Olimpiki naye bado anasahihishwa mkao huo huo.

Haya yanamhusu anayetaka mchezo huu uwe kazi yake, au mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuzungumza hivyo mezani. Ni kazi ya miaka mingi, ujira wake huchelewa, na sehemu kubwa yake hufanyika mbali na barafu. Ukishalijua hilo mapema, mengine yatakuwa mepesi kupanga.

Hatua ya 1: Chagua uwanja

Ndani ya jina moja mna michezo miwili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye televisheni.

Uwanja mrefu ni mviringo wa mita 400 wenye njia mbili. Wateleza wawili huondoka pamoja, kila mmoja kwenye njia yake, na kila mzunguko hubadilishana njia ili wote wawe wamekwenda umbali uleule. Anayeanza ndani huvaa kitambaa cheupe mkononi, anayeanza nje huvaa chekundu. Mshindi si lazima awe yule aliyemwacha mwenzake, kwa sababu huenda bora wa siku alikimbia jozi tatu zilizopita; saa ndiyo inayoamua. Kwenye Olimpiki wanawake hushindana mita 500, 1000, 1500, 3000 na 5000, na wanaume mita 500, 1000, 1500, 5000 na 10,000. Kuna pia mbio za timu za kufukuzana, zilizoingia Olimpiki mwaka 2006, ambamo muda hukatwa pale mtu wa tatu wa timu anapovuka mstari, na mbio za pamoja za mizunguko 16, zilizoingia mwaka 2018.

Uwanja mfupi ni mviringo wa mita 111.12 uliochorwa ndani ya uwanja wa kawaida wa magongo ya barafu. Hapa wanaondoka wengi kwa pamoja, hakuna njia za kugawana, na muda wako hauna maana kubwa mradi umefika mbele ya wenzako. Mbio ni za mita 500, 1000 na 1500, pamoja na za kupokezana, ambamo hakuna kijiti: anayemaliza zamu humsukuma mwenzake kiunoni kwa mikono miwili. Mchezo huu ulionyeshwa Calgary mwaka 1988 kama wa majaribio na ukaanza kutolewa medali Albertville mwaka 1992.

Ushauri wangu ni kwamba mtoto aanzie uwanja mfupi, hata kama ndoto yake ni ule mrefu. Viwanja vya magongo viko vingi kuliko mviringo wa mita 400, kona ni nyingi, na ni kwenye kona ndipo ufundi hujengeka. Anayejua kuegemea kona kali ya uwanja mfupi ataiona kona ya uwanja mrefu kuwa pana kama barabara kuu. Jorien ter Mors wa Uholanzi hakulazimika hata kuchagua: Pyeongchang mwaka 2018 alitwaa dhahabu ya mita 1000 uwanja mrefu na shaba ya kupokezana uwanja mfupi, katika michezo ileile.

Ukishatimiza miaka kumi na sita au kumi na saba hivi, mwili na tabia vitakuwa vimeanza kukuchagulia. Anayependa kubanana, kusoma nia ya mtu na kuvizia nafasi, uwanja mfupi unamwita. Anayeweza kurudia jambo moja mara elfu bila kuchoka akili, aende mrefu.

Hatua ya 2: Ingia klabuni, hata kama barafu iko mbali

Mlango haujafungwa kwa aliyechelewa, na ushahidi wake ni watu waliotoka kwenye viatu vya magurudumu. Chad Hedrick alikuwa bingwa wa dunia wa magurudumu kabla ya kutwaa dhahabu ya mita 5000 Turin mwaka 2006. Bart Swings wa Ubelgiji alishinda mbio za pamoja Beijing mwaka 2022 akiwa na historia hiyohiyo. Erin Jackson ndiye mfano unaoshangaza zaidi: alifuzu kwenda Olimpiki ya 2018 baada ya miezi minne hivi tu ya mazoezi ya barafu, na miaka minne baadaye akashinda mita 500, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Usidanganyike na ile miezi minne. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kona, mikao na mashindano juu ya magurudumu. Kama huna barafu karibu, nunua viatu vya magurudumu, jiunge na wanaoshindana, na ujenge mapaja. Siku utakapohamia barafuni itakubidi uache tabia moja hasa: watu wa magurudumu huvuta mguu ndani kidogo kabla ya kuusukuma nje, wakapata msukumo mara mbili kwa hatua moja. Kisu kirefu cha barafuni, yaani chuma chembamba kilicho chini ya kiatu, hakikubali mchezo huo.

Unapochagua klabu, usivutwe na vikombe vilivyo kabatini. Simama kando ya uwanja jioni moja uangalie watoto wa kati, si wale bora. Je, wanakaa chini? Je, kocha anamsimamisha mtu na kumrekebisha, au anapuliza filimbi na kutazama saa tu? Magodoro ya ukutani ni mazito na yamefungwa vizuri? Na muulize ni nani anayewafundisha wachezaji kunoa. Klabu ambayo kocha hunolea kila mtu mpaka anakuwa mtu mzima inalea watu watakaokwama safarini.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuanguka. Ukihisi umepotea, keti, acha tako liguse barafu, inua visu visikwame wala kumkata mtu, na ujigeuze ili mgongo na makalio ndivyo vifike kwenye godoro. Kichwa kisitangulie, wala miguu iliyonyooka. Rudia hadi mwili ufanye wenyewe bila kusubiri akili.

Hatua ya 3: Viatu, visu na jiwe

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kiatu cha mbio ni kifupi, kigumu, mara nyingi cha nyuzi za kaboni, na hukaa mguuni kama ngozi ya pili. Vidole viguse mbele bila kukunjika, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Vingi hulainishwa kwa joto na kubonyezwa kufuata umbo la mguu. Kwa miaka miwili ya kwanza tafuta vilivyotumika. Miguu ya kijana hukua, na kiatu cha kuchongwa kwa vipimo vyake kinaweza kumbana kabla msimu haujaisha.

Kisu cha uwanja mrefu ni chembamba, kiasi cha milimita moja na nukta kidogo, na ni kirefu kupita kiatu mbele na nyuma. Kimeunganishwa na kiatu kwa bawaba chini ya mbele ya unyayo. Mguu unapomaliza kusukuma, kisigino huinuka lakini kisu kinabaki chote barafuni kwa kitambo kingine, kisha springi hukirudisha kwa mlio wa “klap”. Wazo hilo lilifanyiwa kazi kwa miaka mingi na mtafiti Gerrit Jan van Ingen Schenau na wenzake huko Amsterdam, na wakubwa wengi walilidharau. Wanawake wa Uholanzi walipoanza kushinda navyo msimu wa 1996–97, dharau ikaisha. Nagano mwaka 1998 rekodi zilianguka kama maembe yaliyoiva.

Kwenye uwanja mfupi bawaba hairuhusiwi. Kisu kimefungwa imara, kimepindwa kidogo kufuata kona na kusogezwa kushoto ya katikati ya kiatu, kwa kuwa mbio zote huzunguka kushoto na mtelezaji hulala mno kiasi kwamba kiatu kingeweza kugusa barafu. Kuna na vazi lisilokatika kwa urahisi, kinga ya shingo, helmeti, na glavu yenye ncha ngumu za vidole vya mkono wa kushoto, kwa sababu mkono huo ndio unaogusa barafu katikati ya kona.

Sasa kunoa. Visu vya magongo ya barafu huwa na mfereji katikati. Vya mbio huwa bapa kabisa, vyenye pembe mbili kali. Viatu vyote viwili hufungwa pamoja kwenye fremu, visu vikitazama juu, vikiwa sawasawa kabisa. Pitisha jiwe la kunolea lenye chembe kubwa kwa mshazari urefu wote wa visu, bila kukandamiza mwisho mmoja kuliko mwingine. Endelea mpaka uhisi kwa kidole vinyweleo vya chuma vimejitokeza pembeni kila mahali, kisha hamia jiwe laini. Mwisho, chukua kijiwe kidogo, kilaze ubavuni mwa kisu na uviondoe vile vinyweleo kwa mwendo mwepesi. Jaribu ukali kwa ukucha: pembe nzuri hukwangua unga mweupe. Kausha visu kila unapotoka barafuni, na usivihifadhi ndani ya vikinga vya plastiki, kwani unyevu hubaki humo na kutu haimsubiri mtu.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoanza hawaambiwi: kisu hakijanyooka kama rula. Kina mpindo mdogo wa juu-chini, sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita zaidi ya ishirini kwa uwanja mrefu, na dogo zaidi kwa mfupi. Mpindo huo ndio unaokuruhusu kugeuka. Kunoa ovyo huuharibu pole pole, na mtelezaji hulaumu mguu wake kwa kosa la jiwe. Mpe fundi apime angalau mwanzo wa kila msimu.

Hatua ya 4: Ufundi

Ukijifunza kitu kimoja tu katika mwongozo huu, kiwe hiki: msukumo huenda pembeni, hauendi nyuma. Anayekimbia kwa miguu husukuma ardhi nyuma. Kisu kinateleza mbele, kwa hiyo ukikisukuma nyuma kinakuponyoka tu. Nguvu hupatikana kwa kuegemeza uzito upande, kisha kunyoosha goti kuelekea kando, kisu kikiwa kimekingama na mwelekeo wa nguvu. Mfano ni mtu anayesukuma kabati zito kwa nyonga badala ya mkono.

Uzito huhamia wote mguu mmoja kabla ya msukumo. Jaribio rahisi: teleza kwa mguu mmoja huku pua, goti na vidole vikiwa kwenye mstari mmoja wa wima. Ukiweza kuhesabu hadi tano bila kuyumba, mizani yako ipo. Ukishindwa, usiongeze kasi, maana kasi itaficha kosa na kulizoesha.

Kwa nini mkao wa chini hivyo? Kwanza, upepo. Sehemu kubwa zaidi ya nguvu za mtelezaji huliwa na hewa, si na msuguano wa barafu. Pili, goti lililokunjwa sana lina urefu mwingi wa kunyooka, na msukumo huwa mrefu. Lakini kuna kodi ya kulipa. Ukiwa umekaa hivyo, misuli ya paja haipumziki hata wakati wa kuteleza, inabana mishipa, damu hupita kwa shida, na moto unaousikia pajani ni wa misuli inayokosa oksijeni. Ndiyo maana wa mbio fupi hukaa chini zaidi, na wa mbio ndefu hujipa nyuzi kadhaa za nafuu. Anayejaribu kukaa kama wa mita 500 katika mita 5000 atainuka mwenyewe mzunguko wa sita, na kuinuka kwa kushindwa ni kubaya kuliko kukaa juu kidogo kwa makusudi.

Mikono nayo ina kanuni yake. Kwenye mita 500 yote miwili hupunga. Kwenye mbio ndefu hulala mgongoni sehemu zilizonyooka, na mkono wa kulia hutolewa kwenye kona.

Kona ndiyo mahali pa kuongeza kasi, ajabu kwa wasiojua. Mwili wote huegemea ndani kwa mstari mmoja, bila kuvunjika kiunoni. Mguu wa kulia huvuka juu ya wa kushoto, na huku nyuma wa kushoto, ukiwa chini ya mwili, husukuma kulia kwa ukingo wake wa nje. Wengi huvusha tu mguu wa kulia na kusahau kwamba wa kushoto una kazi. Mazoezi ya kamba ni tiba nzuri: mwenzako anakushika kwa mkanda uliopita kiunoni, unaegemea mpaka ungeanguka asingekuwepo, na unavusha hatua pole pole mahali ulipo.

Hatua ya 5: Panga mwaka, si wiki

Msimu wa mashindano huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Machi. Aprili ni ya kupumzika kweli: wiki mbili hadi nne bila kisu. Kisha unakuja msimu ambao mashabiki hawauoni, miezi ya baiskeli, vyuma, magurudumu, ubao wa kutelezea ukiwa na soksi, na kutembea ukiwa umechuchumaa nusu kupanda mlima hadi mapaja yatetemeke. Barafu hurudi Julai au Agosti.

Baiskeli haikuingia kwenye mchezo huu kwa bahati. Inatumia misuli ileile ya paja, haiumizi viungo, na inamruhusu mtu kufanya kazi kwa saa nyingi. Clara Hughes wa Kanada alipata medali za Olimpiki kwenye baiskeli mwaka 1996 na kwenye barafu baadaye, ikiwemo dhahabu ya mita 5000 mwaka 2006. Nils van der Poel wa Sweden alikwenda mbali zaidi: kwa miezi mingi alikaa juu ya baiskeli saa nyingi kwa siku, kwa mwendo wa chini, siku tano za mazoezi na mbili za mapumziko. Alipohamia barafuni alizunguka mizunguko ya kasi ya mashindano yenyewe, akiacha kabisa ile ya kati. Beijing mwaka 2022 alishinda mita 5000 na 10,000, ile ya pili kwa dakika 12 na sekunde 30.74, rekodi ya dunia wakati ule. Kisha akaweka wazi mpango wake wote na kustaafu.

Usiunakili mpango huo. Alikuwa mtu mzima mwenye msingi wa miaka, na kipaji cha kuvumilia uchovu kisicho cha kawaida. Kilicho cha kuiga ni swali alilojiuliza: mbio zangu zinadai nini hasa? Mita 10,000 ni mizunguko 25, kila mmoja wa karibu sekunde 30 kwa kiwango chake. Basi mwili ufundishwe mzunguko wa sekunde 30. Wa mita 500 akijiuliza swali hilohilo atapata jibu tofauti kabisa: kuanza kwa mlipuko, mita 100 za kwanza, na uwezo wa kubaki chini kwenye kona ya mwisho.

Kijana wa miaka 14 anahitaji vipindi vinne au vitano kwa wiki, usingizi wa kutosha, na mchezo mwingine kando. Jordan Stolz alianza kwenye bwawa lililoganda nyuma ya nyumba yao baada ya kutazama Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Akiwa na miaka 18 alishinda mita 500, 1000 na 1500 katika ubingwa wa dunia wa mwaka 2023. Watu husimulia dhahabu, lakini mimi huvutiwa zaidi na lile bwawa: miaka ya kuteleza bila saa.

Hatua ya 6: Panda ngazi kwa mpangilio

Ngazi ni hizi: mbio za klabu, mashindano ya mkoa, ubingwa wa taifa wa vijana, mashindano ya kimataifa ya vijana, timu ya taifa, Kombe la Dunia, ubingwa wa dunia, Olimpiki. Huwezi kujisajili mwenyewe kwenye zile za juu. Shirikisho la nchi yako, lililo mwanachama wa ISU, ndilo linalokupeleka. ISU, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kiliundwa mwaka 1892, na hakuna njia ya mkato ya kukizunguka. Umri wa vijana huhesabiwa kwa tarehe ya 1 Julai, kwa hiyo aliyezaliwa mwishoni mwa Juni na aliyezaliwa mwanzoni mwa Julai wanaweza kuwa na mwaka mzima wa tofauti katika daraja. Jua upande wako mapema.

Kwa uwanja mrefu, karatasi yako ya kuombea kazi ni muda wako bora. Na muda hutegemea mahali. Salt Lake City na Calgary ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na rekodi nyingi za dunia zimewekwa kwenye viwanja hivyo viwili. Heerenveen ya Uholanzi iko chini, karibu na usawa wa bahari, na muda uleule hapo una uzito zaidi. Ukihitaji kufikia muda wa kufuzu, safari moja kwenye uwanja wa juu inaweza kukusaidia kuliko mwezi mzima wa mazoezi. Ila ukitaka kujua kama umepanda kweli, jilinganishe na muda wako wa zamani kwenye uwanja uleule.

Kwenye Kombe la Dunia la uwanja mrefu kuna daraja A na daraja B. Mgeni huanzia B, mara nyingi asubuhi, viti vikiwa vitupu. Zichukue mbio hizo kwa uzito wote, maana pointi zake ndizo zitakazokupandisha. Nafasi za Olimpiki hugawiwa nchi, si mtu, na nchi nyingi hufanya mchujo wao wa ndani. Erin Jackson alijikwaa kwenye mchujo wa 2022 akakosa nafasi ya mita 500, na mwenzake Brittany Bowe akamwachia yake. Usipange maisha ukitegemea ukarimu wa namna hiyo.

Hatua ya 7: Siku ya mbio

Tengeneza ratiba ya mizunguko kabla ya kuvaa viatu. Mita 3000 ni mita 200 za kuanzia na mizunguko saba. Kwa anayeanza, kosa ni lilelile daima: mzunguko wa kwanza wa furaha na wa sita wa majuto. Andika muda wa kila mzunguko ukiruhusu kupungua kidogo tu, na umwombe kocha akusomee kando ya uwanja.

Mwanzo: ukitikisika kabla ya mlio, jozi yote hupewa onyo moja, na atakayekosea baada ya hapo hutolewa, hata kama kosa la kwanza halikuwa lake. Kwa hiyo mwenzako akianza mapema, wewe pia umepoteza uhuru wa kubahatisha.

Kubadilishana njia: mkifika pamoja, aliye njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita, na wa ndani ampishe. Na ubadilishane kweli. Vancouver mwaka 2010 Sven Kramer alikuwa anakwenda kushinda mita 10,000 bila wasiwasi. Kocha wake akachanganyikiwa, akamwelekeza njia ya ndani badala ya nje, na Kramer akafuata. Alimaliza akiwa na muda bora kuliko wote, kisha akafutwa, dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini. Kila mtelezaji ahesabu njia zake mwenyewe, hata kama kocha ni bingwa.

Uwanja mfupi ni shule nyingine. Mwamuzi anaweza kukufuta kwa kumzuia mtu, na pia anaweza kumpeleka mbele aliyezuiwa. Jifunze kupita kabla ya kona, si ndani yake, na jifunze kusubiri. Steven Bradbury wa Australia alishinda mita 1000 Salt Lake City mwaka 2002 akiwa wa mwisho hadi kona ya mwisho, wengine wote wanne walipoanguka mbele yake. Watu walicheka. Lakini kukaa nyuma ulikuwa mpango wake, kwa kuwa alijua hana kasi ya wale wanne na kwamba wale wanne watabanana.

Hatua ya 8: Linda mwili

Bradbury huyohuyo alikatwa paja na kisu cha mwenzake mwaka 1994, akapoteza takriban lita nne za damu na kushonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 alivunjika shingo mazoezini. Kwa hiyo suti isiyokatika si mapambo, na mtu asiyevaa kinga ya shingo mazoezini “kwa sababu ni mazoezi tu” asiruhusiwe barafuni.

Majeraha ya kawaida ni ya polepole: mgongo wa chini, kinena, magoti. Kuzunguka upande mmoja maisha yote hufanya mwili uwe wa upande mmoja, kwa hiyo vyuma na kunyoosha viungo lazima virudishe usawa. Hewa baridi na kavu huwasumbua wengi kwa kikohozi na kubanwa kifua. Mwone daktari badala ya kuzoea. Lakini kabla ya kutumia dawa yoyote, hata ya pumu, hakikisha inaruhusiwa au una kibali chake. Ukifika ngazi ya juu utatakiwa kutoa taarifa za mahali ulipo, na saa moja ya kila siku ambayo mpimaji wa dawa zilizokatazwa anaweza kukukuta. Kukosa kupimwa au kutoa taarifa mbovu mara tatu ndani ya miezi 12 kunaweza kukufungia kama vile umetumia dawa. Weka kengele kwenye simu.

Hatua ya 9: Pesa

Ukweli usio mtamu: wengi wa wanaoshindana kimataifa hawatajiriki. Kwa miaka ya mwanzo familia hulipa barafu, viatu na nauli. Baadaye shirikisho la taifa hutoa ruzuku kwa walio kwenye timu, kulingana na matokeo. Uholanzi ni hali ya pekee: tangu mtelezaji Rintje Ritsma aanzishe timu yake ya kibiashara katikati ya miaka ya 1990, wakubwa wao wameajiriwa na makampuni kama waendesha baiskeli. Ujerumani wanamichezo wengi huajiriwa na jeshi au polisi. Claudia Pechstein alikuwa askari polisi. Korea Kusini, medali ya Olimpiki humwondolea mwanamume utumishi wa kijeshi wa kawaida, jambo ambalo kwa kijana lina thamani kuliko hundi.

Nchini kwako huenda hakuna hata kimoja cha hivyo. Basi andika bajeti ya msimu mzima kabla haujaanza, tenganisha barafu, vifaa, safari, tiba na chakula, na utafute wadhamini wadogo kadhaa badala ya kungoja mmoja mkubwa. Mdhamini mdogo anataka kitu rahisi: ripoti fupi kila baada ya mashindano, hata uliposhindwa. Wanaotuma ripoti ya kushindwa ndio wanaodhaminiwa msimu wa pili.

Hatua ya 10: Soma, na ujue namna ya kuondoka

Wapo wanaodumu. Pechstein alishiriki Olimpiki nane, ya kwanza mwaka 1992 na ya mwisho mwaka 2022, siku chache kabla ya kutimiza miaka 50. Ireen Wüst alipata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki tano mfululizo, 2006 hadi 2022. Lakini hao ni wa nadra, na wengi huondoka kabla ya miaka 30, mara nyingi baada ya mwaka wa Olimpiki.

Kwa hiyo shule isisimame. Eric Heiden alishinda mbio zote tano za wanaume Lake Placid mwaka 1980, kisha akashindana kwenye baiskeli, akasomea udaktari na kuwa daktari wa mifupa. Johann Olav Koss wa Norway alishinda dhahabu tatu Lillehammer mwaka 1994, zote kwa rekodi za dunia, naye akaenda kwenye udaktari na kazi za misaada. Masomo ya masafa au ya nusu muda yanakwenda vizuri na ratiba ya mtelezaji, kwa sababu mchana kati ya mazoezi mawili ni mrefu na mwili umechoka, ila akili ipo. Waliobaki kwenye mchezo huwa makocha, waamuzi, mafundi wa visu au wa kutengeneza barafu; hao wa mwisho ni adimu, na kila uwanja unawahitaji.

Siku ukiamua kuacha, usinyamaze tu. Liandikie shirikisho na mamlaka ya kupambana na dawa kwamba umestaafu, ili jina litolewe kwenye orodha ya wanaopimwa na usije ukahesabiwa umekosa kipimo ukiwa umelala nyumbani. Na kama moyoni kuna hata chembe ya kurudi, jua kwamba aliyekuwa kwenye orodha hiyo hutakiwa kutoa taarifa ya maandishi na kuwa tayari kupimwa kwa miezi sita kabla ya kushindana tena. Paka visu mafuta kidogo kabla ya kuviweka.